Mtoto Huuzwa Mara Mbili

Mwaka 2006 Serikali ya Kenya na UNICEF walitoa ripoti juu ya watoto wanaouzwa kingono katika Pwani yetu, kuanzia Malindi na Kilifi hadi Mombasa na Diani. Makadirio yake yalitutia aibu. Wasichana kati ya 10,000 na 15,000 walikuwa wakifanya ngono ya malipo mara moja moja, kiasi cha kufikia wasichana 3 katika kila 10 wa umri wa miaka 12 hadi 18 katika sehemu hizo. Watoto wengine 2,000 hadi 3,000, wasichana kwa wavulana, walikuwa katika biashara hiyo mwaka mzima, msimu wa watalii uwepo usiwepo. Watu walizungumza, wakamlaani Mzungu, wakalaani mahoteli, kisha kila mtu akarudi kwenye shughuli zake. Lakini ripoti ileile ilikuwa na hesabu nyingine ambayo haikupigiwa kelele. Katika wanunuzi wa watoto hao, kundi kubwa kuliko yote lilikuwa la Wakenya wenyewe, asilimia 38. Waitaliano walifuata kwa asilimia 18, Wajerumani 14, Waswisi 12.

Naiweka hesabu hiyo mbele, japo ni ya zamani, kwa sababu nasaha yangu ya leo haimlengi mgeni. Mgeni anayekuja kuharibu watoto wetu zipo sheria zetu za kumkamata, na mara nyingine zipo hata za kwao. Mwingereza Simon Harris, aliyewahi kuwa mwalimu, aliwadhulumu watoto wa mitaani wa Gilgil, na mwaka 2015 mahakama ya kwao Birmingham ikamfunga miaka 17 na miezi 4 kwa mambo aliyoyatenda huku Kenya. Huyo amepata wa kumhukumu. Mimi nataka kusema na sisi: mama na baba, mjomba na shangazi, mwenye nyumba ya kupangisha, mwendesha bodaboda, mlinzi wa getini, na hasa wewe mzee wa mtaa unayeitwa watu wanapotaka jambo lizimwe.

Kwanza tuache kusema kwamba serikali haijafanya kitu. Mwaka huohuo wa 2006 Bunge lilipitisha Sheria ya Makosa ya Kingono, kutokana na mswada ulioletwa na Njoki Ndung'u, wakati huo mbunge wa kuteuliwa na leo jaji wa Mahakama ya Juu. Sheria hiyo inasema anayemnajisi mtoto wa miaka 11 au chini atafungwa maisha. Ikiwa mtoto ni wa miaka 12 hadi 15, kifungo hakipungui miaka 20. Akiwa wa 16 hadi 18, hakipungui miaka 15. Wakili wa mshtakiwa akiomba huruma ya hakimu, ajue kwamba mwaka 2024 Mahakama ya Juu ilithibitisha kuwa vifungo hivyo vya chini viko palepale. Anayepanga safari au kumkutanisha mtalii na mtoto kwa ajili hiyo hupata si chini ya miaka 10, na kampuni ikipatikana na hatia hutozwa si chini ya shilingi milioni 2. Mwaka 2010 ikaja sheria dhidi ya ulanguzi wa binadamu, yenye kifungo kisichopungua miaka 30 au faini isiyopungua shilingi milioni 30. Mwaka 2018 ikaja sheria ya makosa ya mitandaoni, na mwaka 2022 Sheria mpya ya Watoto. Idara ya upelelezi ina kikosi maalumu cha ulanguzi wa binadamu na ulinzi wa watoto. Na hapa kwetu, katika mahakama ya Shanzu, Machi 2022, Jaji Mkuu Martha Koome alizindua mahakama ya kwanza nchini iliyotengwa kwa kesi za dhuluma za kingono na kijinsia, ili mtoto asikae korido moja na mtu aliyemuumiza.

Serikali ina mapungufu yake, nami nitayasema. Ila kuna mahali ambapo hakuna serikali inayofika, nako ni sebuleni mwako.

Kuna kipande cha sheria ile ya 2006 ambacho ningependa kisomwe kwa sauti katika kila baraza la chifu, kuanzia Lunga Lunga hadi Lamu. Ni kifungu cha 15. Kinasema kwamba mtu anayempa mtoto pesa, bidhaa au manufaa yoyote kwa nia ya kumpata kingono amefanya kosa, na kifungo chake si chini ya miaka 10. Kisha kinaongeza: au akimpa mzazi wa mtoto huyo. Kinaendelea kumtaja anayemruhusu mtoto akae katika nyumba yake huku akijua kinachoendelea, na anayetumia undugu wake au ushawishi wake kwa mtoto ili kumkuwadia. Waliotunga sheria hiyo walitujua vizuri. Walijua kwamba mnunuzi mwerevu hamwendei mtoto moja kwa moja. Huanza kwa mzazi.

Huanza na gunia la mchele mwezi wa Ramadhani, au nguo za Krismasi. Yakafuata mabati ya jikoni, karo ya kaka mtu, simu ya mama, televisheni. Mgeni huyu ni mstaarabu, anaingia kwa hodi, anamwita baba "Mzee" na mama "Mamangu". Majirani wanaambiwa ni mfadhili. Halafu siku moja anaomba msichana amsindikize mjini, wakachukue viatu vya shule. Anarudi magharibi. Siku nyingine anarudi usiku. Siku nyingine anarudi kesho yake. Hakuna aliyeambiwa kitu, na hakuna aliyeuliza, kwa sababu kila mmoja humo ndani anajua kwamba swali moja tu litaondoa mchele, mabati na karo kwa pamoja.

Mama yangu, ukifika mahali pa kuogopa kumuuliza mwanao alikuwa wapi, jua mauzo yamekwisha kufanyika. Wala sisemi hivi kwa kukudharau. Nasema kwa sababu bado upo wakati wa kuuliza. Muulize leo. Mfadhili wa kweli anayelipia karo huipeleka shuleni na kupewa stakabadhi. Hana haja ya kutoka na mtoto usiku, hana haja ya nambari ya simu ya mtoto, na hakasiriki akiambiwa kwamba mtoto hatatoka bila mtu mzima wa nyumbani. Mwambie hivyo uone uso wake.

Hayo ndiyo mauzo ya kwanza. Ya pili ndiyo yanayonisumbua zaidi, kwa kuwa huyafanya watu wa heshima, mchana kweupe, kwa jina la amani.

Mambo huenda hivi katika vijiji vyetu na mitaa yetu. Msichana wa miaka 13 au 14 anagundulika ni mjamzito, au anapatikana na mtu katika nyumba ya kupangisha. Kabla baba hajafika kituo cha polisi, simu zimeanza kulia. Jamaa za yule mwanamume wanakuja, wameongozana na mzee anayeheshimika. Wanaketi. Chai inaletwa. Wanaomba radhi kwa maneno mazuri: sisi ni watu wa mtaa mmoja, tusichafuliane majina, mtoto wenu ndiye atakayeaibika mahakamani, shetani tu alipita, tuyamalize kinyumbani. Kisha inatolewa bahasha, au mbuzi wawili, au ahadi ya kumwoa akimaliza darasa. Baba anachukua sehemu yake, mzee wa mtaa anapata ya kumtoa jasho, na pakiwa na askari aliyekwisha kupata habari, naye hutumiwa chake kwa simu. Wanaume wanapeana mikono. Msichana hakuitwa. Yuko jikoni, pengine ndiye aliyechemsha ile chai.

Fikiria alichokisikia kupitia ukutani. Amesikia baba yake akipatana bei. Yule mwanamume alimpa yeye shilingi mia tatu au mia tano. Wazee wamepokea elfu ishirini. Tofauti iliyopo ni ya kiasi tu. Msichana huyo kesho akienda ufuoni mwenyewe, msiulize nani amemharibu. Amefundishwa nyumbani kwao, na waalimu walikuwa na ndevu nyeupe.

Tena si yeye peke yake aliyejifunza. Mtaa mzima umesikia. Kila mwanamume mwenye nia mbaya sasa anajua bei ya mtoto katika kijiji kile, na anajua kwamba bei hiyo hulipwa tu ukikamatwa. Kikao kilichoitwa cha kuleta amani kimemtangazia kila mnunuzi kwamba hapa kuna mali na wenyewe wako tayari kuzungumza. Nimesikia wazee wakijitetea kwamba usuluhishi ni mila yetu na Katiba inaitambua. Ni kweli Katiba ya 2010 inatambua njia za jadi za kusuluhisha migogoro. Lakini kifungu hichohicho cha 159 kinakataza njia hizo zitumike kwa namna inayovunja haki za binadamu, au inayokwenda kinyume cha haki na maadili. Mpaka wa shamba, mzee, suluhisha. Mbuzi aliyekula mahindi ya jirani, suluhisha. Mwili wa mtoto si shamba la mtu hata lipatanwe.

Na hili wengi hawalijui, kwa hiyo nalisema polepole. Kesi ya kumnajisi mtoto si mali ya baba yake. Kifungu cha 40 cha Sheria ya Makosa ya Kingono kiliweka uamuzi wa kusimamisha uchunguzi au mashtaka mikononi mwa Mwanasheria Mkuu, na tangu Katiba ya 2010 kazi hiyo ya mashtaka ni ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Askari wa kituoni hana mamlaka ya kuifuta. Mzee wa mtaa hana. Chifu hana. Hata wewe mzazi, uliyeandikisha ripoti, huwezi kesho kwenda kusema umesamehe kesi ikaisha. Umesamehe kwa niaba ya nani? Karatasi ya makubaliano iliyotiwa dole gumba mbele ya mashahidi haina nguvu yoyote, ila kwamba siku moja inaweza kuwa ushahidi dhidi ya wote walioitia dole.

Husemwa: hakuna shahidi, ni neno la mtoto dhidi ya neno la mtu mzima, tutashindwa na tutaaibika bure. Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 124, inasema katika makosa ya kingono mahakama inaweza kumtia mtu hatiani kwa ushahidi wa mtoto peke yake, hakimu akiridhika kwamba mtoto anasema kweli na akaandika sababu zake. Husemwa: mtoto atahojiwa mbele ya kadamnasi. Anaweza kutoa ushahidi mahakama ikiwa imefungwa, akiwa nyuma ya kizuizi asimwone mshtakiwa, au akisemewa na mtu anayemwamini. Husemwa: alionekana mkubwa. Mshtakiwa ndiye atakayeeleza alichukua hatua gani kujua umri wake. Husemwa: alijitakia mwenyewe. Mtoto hana uwezo wa kukubali jambo hilo, basi, na asiyeelewa hapo ana ugonjwa wa moyo ambao sheria haiwezi kuutibu.

Narudi kwa njaa, maana najua kuna msomaji anayeisubiri. Ataniambia: wewe unaandika umeshiba. Mama mjane ana watoto watano Mtwapa au Ukunda, kodi ya chumba imefika, unga hakuna, na msichana wake mkubwa amerudi na shilingi elfu moja ambayo hakueleza ilikotoka. Atamrudisha vipi?

Siwezi kumlaumu mama huyo kwa sauti ileile ninayomlaumu mzee wa bahasha. Kuna wasichana wa shule za msingi wanaolala na mwendesha bodaboda kwa lifti ya kwenda shule, na kuna wanaofanya hivyo kwa bei ya pakiti moja ya sodo. Hapo ndipo serikali inaponikasirisha. Mwaka 2017 sheria ya elimu ilirekebishwa ili kila msichana wa shule ya umma apewe sodo bure na za kutosha. Tangu hapo zimekuwa zikifika na kukatika, mwaka huu zipo, mwaka ujao kuna maelezo. Msichana hasubiri bajeti. Mwili wake una kalenda yake. Kuna mpango wa Inua Jamii, wenye fungu la watoto yatima na walio katika mazingira magumu lililoanza tangu 2004, na malipo yake hucheleweshwa hata miezi kadhaa. Kuna afisa wa watoto anayebebeshwa kaunti ndogo nzima, na ripoti ikiingia ya kijiji cha mbali hana gari la kumfikisha. Huwezi kutunga kifungo cha miaka 20 halafu ukose petroli ya kumfikia mtoto. Huwezi kuahirisha kesi mara baada ya mara mpaka shahidi mwenyewe amekuwa mama wa watoto wawili, halafu ukashangaa kwamba watu wanapendelea bahasha. Haya ni makosa ya serikali, na wabunge na magavana wanaokuja kuomba kura wanapaswa kuulizwa kwa majina ya vijiji: afisa wa watoto wa hapa ni nani, ana nini, kesi ngapi zimekwisha?

Lakini baada ya kuilaumu serikali tugeukie mifuko yetu. Sisi ni watu wa kuchanga. Kamati ya arusi huundwa kwa wiki moja na kupata laki. Tukifiwa, mtaa mzima hutoa. Mjane yule wa Mtwapa tunamjua, tunapita mlangoni kwake kwenda msikitini na kanisani, na kodi yake ni pesa ambayo watu kumi wangeitoa bila kuumia. Nasaha yangu kwa kila jumuiya ndogondogo, kila chama cha akina mama, kila kamati ya msikiti: chagueni nyumba tatu tu katika mtaa wenu ambazo binti zake wako hatarini, mlipie karo, sodo na chakula cha mwezi, kimyakimya bila picha. Na wewe mama, kabla hujaipokea elfu moja ile, nenda kwa chifu, nenda kwa afisa wa watoto, nenda kwa mwalimu mkuu kuuliza habari za basari. Utazungushwa, ndiyo. Rudi tena. Na usiku huo mwambie binti yako kwamba unajua, kwamba humkasirikii, na kwamba hutaki pesa hiyo iingie tena, hata kama mtalala na uji.

Nikiwa bado kwenye michango, niseme neno kwa ndugu zangu wa Kilifi kuhusu disko matanga, zile ngoma za kukesha msibani. Najua disko hiyo ina kazi yake: hukusanya pesa za kugharamia mazishi, maana maiti hazikwi bure. Wakuu wa serikali wamepiga marufuku ngoma hizo zaidi ya mara moja, na bado zinalia usiku kucha, watoto wa shule wakizunguka gizani na pombe ikiuzwa. Kila mtu hapo anajua kinachofanyika nyuma ya migomba. Marehemu anazikwa kwa pesa iliyotokana na usiku ambao mtoto wa jirani alinunuliwa. Wazee wa ukoo mnaweza kuikataa bila kungoja chifu. Semeni kwamba kwetu hatukeshi na disko, tunachanga kwa daftari, na watoto wanalala saa mbili. Ukoo mmoja ukianza, mwingine utapata ujasiri.

Mahoteli yetu makubwa, kuanzia mwaka ule wa 2006, mengi yalitia saini kanuni ya maadili ya kuwalinda watoto katika utalii. Wafanyakazi wakafundishwa, mapokezi wakaanza kuuliza vitambulisho. Ilikuwa hatua njema, nawashukuru. Matokeo yake mnunuzi amehamia kwenye nyumba za kukodi kwa siku, majumba yenye ukuta mrefu na bwawa la kuogelea, ambako hakuna mapokezi, kuna mlinzi mmoja tu na ufunguo. Mlinzi, ndugu yangu, shilingi mia mbili unazopewa ufungue geti saa tano usiku bila kuuliza zinakuingiza katika kifungu cha 15 pamoja na aliye ndani. Nawe mwenye nyumba uliye Nairobi au Ulaya, unayepokea kodi kwa simu, usijifiche nyuma ya mlinzi huyo. Mwandikie kwa maandishi kwamba ana ruhusa ya kumzuia mgeni anayeingia na mtoto, na kwamba hatapoteza kazi kwa hilo. Mlinzi asiye na mwajiri wa kumsimamia hawezi kuwa shujaa kila usiku.

Siku hizi mnunuzi hahitaji hata kupanda ndege. Utafiti uliotolewa mwaka 2021 na UNICEF, INTERPOL na ECPAT ulikuta kwamba kati ya asilimia 5 na 13 ya watoto wa Kenya wa miaka 12 hadi 17 wanaotumia intaneti walikuwa wamefanyiwa dhuluma za kingono mtandaoni katika mwaka mmoja tu uliotangulia. Mtoto anaombwa picha na mtu aliyejitambulisha kama kijana mwenziwe, anatumiwa pesa kidogo kwa simu, halafu picha ileile inageuzwa kitisho: tuma nyingine au nawaonyesha wazazi wako. Watoto wengi hunyamaza kwa sababu wanaogopa kipigo cha nyumbani kuliko kitisho cha yule mtu. Ukigundua jambo hilo, usivunje simu. Usifute ujumbe. Simu hiyo ndiyo ushahidi, na sheria ya 2018 inatoa hadi miaka 25 gerezani au faini ya hadi shilingi milioni 20 kwa wanaotengeneza na kusambaza picha za ngono za watoto. Wala usiitume picha hiyo kwa jamaa kwenye kundi la ukoo ili kuwaonyesha balaa lililowafika. Kuisambaza ni kosa, hata ukiwa mzazi, na ni kumvua nguo mwanao mara ya pili.

Na tusidhani haya ni ya wasichana tu. Wavulana wanaozunguka ufuoni wakiuza shanga nao hununuliwa, na wanaume kwa wanawake, na mvulana ananyamaza zaidi kwa kuwa tumemfundisha kwamba mwanamume haumizwi. Mwangalie kijana wako anayerudi na viatu vipya kama unavyomwangalia dada yake.

Mtoto akikujia kusema, mengi hutegemea uso utakaomwonyesha katika dakika ya kwanza. Usimwulize kwa nini hukupiga kelele. Usimwulize ulikuwa umevaa nini. Mwambie unamwamini na umefanya vizuri kusema. Kama ni jambo la karibuni, usimwogeshe na usifue nguo zake. Zikunje kwenye karatasi au kitambaa, si kwenye mfuko wa plastiki, na umfikishe hospitali kabla ya saa 72 kupita, kwani dawa za kuzuia virusi vya ukimwi hazifai kitu baada ya hapo. Sheria imeagiza kwamba gharama ya matibabu hayo katika hospitali ya umma ibebwe na serikali. Hospitali Kuu ya Pwani pale Mombasa ina kitengo maalumu cha wahanga wa dhuluma hizi. Kisha nenda kituoni, uliza dawati la jinsia, na usitoke pale bila nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio. Iandike mahali ambapo haitapotea. Askari akikuambia nendeni mkaelewane, muulize jina lake na cheo chake, halafu mwite afisa wa watoto ukiwa palepale.

Neno langu kwa wahubiri ni fupi. Nimesikia khutba nyingi na mahubiri mengi juu ya mavazi ya wasichana wa pwani. Sijasikia nyingi zinazomwambia mwanamume wa safu ya mbele, mwenye duka na gari, kwamba mtoto wa jirani aliyempa chipsi na soda jana atasimama kumdai siku ya hesabu. Mtoto ni amana, Waislamu na Wakristo tunasema hivyo sote. Basi yasemeni hayo Ijumaa hii na Jumapili hii, kwa lugha isiyofunikwa, wanunuzi wakiwa wameketi mbele yenu.

Namalizia kwako mzee wa mtaa, kwa heshima yako yote na mvi zako. Utaitwa tena. Watakuja jioni na maneno mazuri, watakuambia wewe ndiye mzazi wetu sote, na bahasha itakuwa tayari. Usiketi. Usiinywe chai hiyo. Waambie mbele ya mtoto kwamba huna mamlaka juu ya jambo hili, kisha mchukue baba yake mkono umpeleke kituoni, usiku huohuo. Na yeyote anayejua mtoto anayeuzwa lakini anaogopa kuonekana kituoni, apige 116. Simu hiyo ni ya bure, inajibiwa usiku na mchana, na hulazimiki kutaja jina lako.